Mnunuzi Yuko Mpanda, Hesabu Zake Ziko Ng'ambo

Kabla ya msimu wa tumbaku kuanza, vyama vya msingi vya ushirika mkoani Katavi hutia saini mikataba na makampuni ya ununuzi. Mkataba hutaja makisio ya kilo, madaraja ya tumbaku, bei ambayo kwa kawaida hupangwa kwa dola ya Marekani, na pembejeo zitakazokopeshwa kwa wakulima. Kampuni inapoketi mezani inajua mengi kuhusu chama: wakulima ni wangapi, msimu uliopita walizalisha nini, mabani yao yako katika hali gani, deni lao benki limefikia wapi. Chama kwa upande wake huijua kampuni kwa jina lililoandikwa ubavuni mwa gari, kwa sura ya afisa wake wa ugani, na kwa malipo yaliyofika mapema au yaliyochelewa.

Pengo hilo linaweza kupunguzwa sana, na bila gharama kubwa. Hesabu za makampuni kadhaa yaliyonunua tumbaku ya Katavi, mabenki yanayowakopesha wakulima na miradi ya kaboni inayolipa vijiji zimewekwa wazi kwenye kanzidata ambazo mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuzifungua. Kinachokosekana ni ramani ya kujua kipi kiko wapi. Ramani yenyewe ina kanuni moja: kampuni husema pale sheria inapoilazimisha kusema. Kwa hiyo swali la kwanza la mtafiti ni nani mwenye mamlaka ya kuidai taarifa, na taarifa hiyo huwekwa wapi ikishatolewa.

Sekta kwanza, kampuni baadaye

Wengi huanza kwa kuandika jina la kampuni kwenye intaneti na kupokea matangazo ya kampuni hiyohiyo. Wakutubi wazoefu huanza na sekta. Ukijua ukubwa wa soko, wazalishaji wakuu na mwenendo wa bei, maneno ya kampuni moja unaweza kuyapima.

Sekta hutafutwa kwa namba. Wakuu wa forodha duniani wamekubaliana kuipa tumbaku isiyotengenezwa namba 2401, na sigara zikaingia 2402. Asali asilia, zao ambalo Inyonga na misitu ya Mlele wanalijua vizuri, ni 0409. Mchele ni 1006. Dhahabu ni 7108. Kwa namba hizo mtu hufungua kanzidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa iitwayo Comtrade, au Trade Map ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa kilichoko Geneva, akaona Tanzania iliuza nini, kwa nani na kwa dola ngapi kila mwaka. Shughuli za uzalishaji nazo zina orodha yake ya kimataifa, ambayo Ofisi ya Taifa ya Takwimu huitumia: kilimo cha tumbaku ni 0115, na utengenezaji wa bidhaa za tumbaku ni 1200. Mtu anayezijua namba hizi hupata kwa dakika chache kile ambacho kwa maneno ya kawaida kingemchukua siku nzima.

Uzalishaji wenyewe uko kwenye FAOSTAT, kanzidata ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambayo takwimu zake zinaanzia 1961 na hazilipiwi. Ndani ya nchi, Bodi ya Tumbaku Tanzania hutoa takwimu za kila msimu. Za 2022/23 zilizidi tani 120,000, na Tanzania ikahesabiwa ya pili barani Afrika baada ya Zimbabwe. Hata wanunuzi wenyewe huchapisha. Universal Corporation ya Richmond, Virginia, moja ya kampuni kubwa za majani ya tumbaku duniani, huweka hadharani jedwali la uzalishaji wa dunia linaloonyesha nchi moja moja na aina ya tumbaku. Mkulima wa tumbaku ya mvuke anaweza kuona mle kama Brazili na Zimbabwe zinatarajia mavuno makubwa mwaka huo, jambo ambalo mnunuzi wake ameshalijua kabla hajafika kwenye soko la chama.

Takwimu hizi zina mitego, na Katavi ina mitego yake ya pekee. Mkoa ulianzishwa rasmi 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, kwa hiyo anayetafuta historia ya kiuchumi ya Mpanda kwa neno "Katavi" ataletewa zaidi Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa 1974, na viboko wake. Takwimu za mazao za miaka ya nyuma ziko chini ya Rukwa. Bodi ya Tumbaku nayo hugawa nchi kwa mikoa ya kitumbaku, ambayo mipaka yake si lazima ifuate mikoa ya kiserikali. Tena idadi ya watu imebadilika kwa kasi: sensa ya 2012 iliikuta Katavi na watu 564,604, na ile ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Anayegawanya uzalishaji kwa idadi ya watu bila kuangalia mwaka wa sensa atapata jibu lililopotoka kwa nusu nzima.

Takwimu za biashara nazo hazilingani pande mbili. Tanzania huandika thamani ya mzigo unapoondoka bandarini. Nchi inayopokea huongeza nauli na bima, na mara nyingine huandika nchi ambako mzigo ulipitia badala ya ulikolimwa. Tofauti ya namna hiyo haithibitishi wizi. Inampa mtafiti swali la kuuliza, na akiuliza ajue sababu za kawaida kabla ya kumtuhumu mtu.

Kumfuata mzazi hadi nyumbani kwake

Baadhi ya kampuni zinazonunua mazao Katavi ni matawi. Tawi lililosajiliwa Tanzania kama kampuni binafsi halilazimiki kuutangazia umma faida yake, lakini mzazi wake akiwa ameuza hisa au hati za deni kwa umma katika nchi nyingine, hulazimika. Hapo ndipo mtafiti wa Mpanda anapopata nafasi.

Mfano ulio wazi ni Alliance One Tobacco Tanzania, yenye kiwanda Morogoro. Mzazi wake, Alliance One International, alizaliwa 2005 kwa muungano wa DIMON na Standard Commercial, kampuni mbili za Marekani, na 2018 akabadili jina kuwa Pyxus International. Kampuni hiyo huwasilisha hesabu zake kwa Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani, na tume hiyo huziweka kwenye kanzidata ya EDGAR, wazi kwa ulimwengu mzima bila malipo wala usajili. Ripoti ya mwaka hupatikana kwa kutafuta fomu namba 10-K. Ndani yake, kiambatisho namba 21 huorodhesha matawi. Sehemu ya vihatarishi hueleza, kwa maneno yaliyopimwa na wanasheria, mambo ambayo kampuni inayahofia: hali ya hewa, madeni, mabadiliko ya sera katika nchi inazonunua, wateja wachache wanaobeba mauzo mengi. Kanuni za uhasibu za Marekani zinataka kampuni iseme kama kuna mteja mmoja anayechangia asilimia 10 au zaidi ya mapato. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, mapato ya Pyxus yalikuwa takriban dola bilioni 2.

Thamani ya kusoma mapema ilionekana Juni 2020, Pyxus ilipoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake huko Delaware, chini ya sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Nyaraka zilisema matawi ya nje ya Marekani hayakuhusishwa, na kufikia Agosti mwaka huohuo kampuni ilikuwa imetoka katika utaratibu huo ikiwa na deni lililopangwa upya. Kwa chama cha msingi, tofauti kati ya "kampuni imefilisika" na "mzazi anapanga upya madeni, tawi linaendelea kununua" ni tofauti kati ya taharuki na uamuzi wa busara. Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote aliyefungua taarifa za wakati huo.

Mfano wa pili una uzito zaidi kwa wakulima. Tanzania Leaf Tobacco, iliyojulikana kwa kifupi kama TLTC, ilikuwa tawi la Universal Corporation, na ilipositisha ununuzi wake nchini soko lilipoteza mnunuzi mkubwa kwa mkupuo. Uamuzi huo na gharama zake vimo katika taarifa ambazo Universal iliwasilisha kwa tume ileile ya Marekani. Taarifa hizo huandikwa kwa ajili ya wawekezaji, wala hazimtaji mkulima wa makazi ya Mishamo au Katumba. Hata hivyo, anayezisoma kila robo mwaka huona jinsi kampuni inavyoizungumzia nchi: kama chanzo kinachokua, kama tatizo, au kwa kimya kinachozidi mwaka hadi mwaka.

Njia hii haiishii Marekani. Tanzania Cigarette, mtengenezaji wa sigara wa Dar es Salaam, iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam 2000, na mwenye hisa nyingi ni kundi la Japan Tobacco, ambalo lenyewe liko kwenye soko la hisa la Tokyo. Kwa hiyo kampuni moja husomwa mara mbili, kwa ripoti ya Dar es Salaam na kwa ripoti ya Tokyo. NMB na CRDB, mabenki yanayofahamika sana kwa wakulima wa Mpanda, yaliorodheshwa Dar es Salaam 2008 na 2009, na ripoti zao za mwaka hueleza mikopo ya kilimo na kiasi cha mikopo isiyolipwa. Kwa kampuni zilizosajiliwa Uingereza, rejesta ya Companies House hutoa nyaraka bure tangu 2015. Helium One, inayotafuta gesi ya heliamu katika bonde la Rukwa, iliingia soko la AIM la London Desemba 2020, na tangu hapo hulazimika kutangaza matokeo ya kila kisima kinachochimbwa. Habari ya bonde la Rukwa husomwa London asubuhi ileile, pengine kabla haijafika Sumbawanga.

Yaliyo nyumbani

Kwa kampuni isiyo na mzazi mwenye hisa sokoni, mtafiti hurudi nyumbani. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ndiye mwenye jalada la kila kampuni iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002: wakurugenzi, wanahisa, anuani, rehani zilizowekwa kwa mabenki. Usajili umehamia mtandaoni, na taarifa za jalada huombwa kwa kulipia ada. Marekebisho ya 2020 yaliongeza wajibu wa kampuni kumtaja mmiliki manufaa, yaani mtu wa mwisho anayefaidika, lakini rejesta hiyo imekusudiwa zaidi mamlaka za serikali. Raia bado hana mlango mpana wa kuisoma, na hilo ni pungufu linalostahili kusemwa bungeni na nje ya Bunge.

Vyama vya ushirika vyenyewe ni upande mwingine wa mkataba, navyo vinachunguzika. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ukaguzi wa hesabu hufanywa na COASCO, na mfumo wa kielektroniki uitwao MUVU hukusanya taarifa za vyama. Mwanachama ana haki ya kusomewa ripoti ya ukaguzi kwenye mkutano mkuu. Haki hiyo ikitumika kikamilifu huzaa taarifa ambazo hakuna kanzidata ya ng'ambo inayoweza kuzitoa.

Mahakama nazo hufunua mengi. TanzLII, kanzidata ya hukumu ya Mahakama ya Tanzania, iko wazi kwa kila mtu, na mashauri ya Mpanda yaliyofika Mahakama Kuu Sumbawanga yanatafutika humo kwa jina la mdaawa. Ndani ya hukumu hutajwa kiasi cha deni, vifungu vya mkataba na utetezi wa kila upande, mambo ambayo kampuni isingeyatangaza kwa hiari yake. Msomaji awe mwangalifu tu kutenganisha madai na uamuzi, na kuangalia kama kuna rufaa.

Kwenye madini, Tume ya Madini, iliyoundwa baada ya mabadiliko ya sheria ya 2017, ina ramani ya leseni mtandaoni. Mchimbaji wa Ibindi, Dirifu au Kapanda anaweza kuona nani ameomba eneo jirani, ni leseni ya utafiti au ya uchimbaji mdogo, na inaisha lini. Tanzania ilijiunga 2009 na mpango wa kimataifa wa uwazi katika tasnia ya uziduaji, na sheria yake ilipitishwa 2015; ripoti za taasisi ya TEITI hulinganisha kile kampuni inachosema imelipa na kile serikali inachosema imepokea. Udhaifu wake kwa Katavi ni kwamba ripoti hizo hulenga walipaji wakubwa, ilhali sehemu kubwa ya dhahabu ya mkoa hutoka kwa wachimbaji wadogo.

Sekta mpya kuliko zote ina uwazi wa namna yake. Katika Wilaya ya Tanganyika, kampuni ya Carbon Tanzania huendesha na vijiji mradi wa kulinda misitu ya milima ya Ntakata, makazi ya sokwe. Hati za kaboni za mradi huo zimesajiliwa kwenye rejesta ya Verra, iliyoko Marekani, nayo husomwa bila malipo. Humo mna andiko la mradi, ripoti za wakaguzi, idadi ya hati zilizotolewa kila mwaka na zile ambazo wanunuzi wameshazitumia. Serikali ya kijiji inayopokea fedha inaweza kuweka idadi hiyo pembeni ya malipo yake na kuuliza maswali yenye tarakimu. Kanuni za Tanzania za biashara ya kaboni zilitoka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Mambo ya kale yana kazi yake pia. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa takriban kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira Minerals. Mgodi ukafungwa 1960; reli ikabaki na mji ukabaki. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini, hivyo Uingereza ilipaswa kupeleka Umoja wa Mataifa ripoti ya kila mwaka, na uchimbaji madini ulikuwa na sura yake humo. Ripoti hizo, pamoja na za Idara ya Madini, ziko katika Nyaraka za Taifa na katika mkusanyo wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeyote anayepima leo ahadi ya mwekezaji wa madini ana mfano kamili wa kulinganisha, wenye mwanzo na mwisho.

Maktaba inaingia wapi

Zipo kanzidata ambazo hazifunguki bila fedha. Orbis ya Bureau van Dijk, Factiva ya magazeti ya dunia na Business Source ya EBSCO hulipiwa kwa viwango ambavyo mtu binafsi hawezi. Vyuo vikuu vya Tanzania hununua baadhi kwa pamoja kupitia umoja wa maktaba wa COTUL, na kwa kuwa Tanzania imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, taasisi zake hupata majarida ya kisayansi kupitia Research4Life, ambayo tawi lake la kilimo, AGORA, lilianzishwa 2003. Lakini hata anayezifikia asitarajie makubwa kuhusu kampuni ndogo ya Mpanda. Kanzidata hizo hulishwa na nchi ambako sheria inalazimisha uwazi, na kampuni binafsi ya huku mara nyingi huonekana kwa jina na anuani pekee, ikionekana kabisa.

Majarida nayo yana upendeleo wake. Ukitafuta Mishamo, kazi ya kwanza kujitokeza ni ya wanaanthropolojia na watafiti wa wakimbizi, kama kitabu cha Liisa Malkki kilichotoka Chicago 1995, kwa sababu makazi hayo yalifunguliwa 1978 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Makazi hayohayo ni eneo la wazalishaji wa tumbaku. Mtafiti wa sekta lazima aunganishe maneno mawili, Mishamo na tumbaku, Katumba na ushirika, ndipo apate kile anachokihitaji.

Katavi ina taasisi inayoweza kulibeba jambo hili. Chuo Kikuu cha Sokoine kina kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, na maktaba yake mama mjini Morogoro ndiyo Maktaba ya Taifa ya Kilimo kwa mujibu wa sheria. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoanza kwa sheria ya 1963, ina jukumu la maktaba za umma nchi nzima. Kwa pamoja wanaweza kuandaa jalada moja kwa kila sekta kuu ya mkoa: tumbaku, dhahabu, asali, mpunga, kaboni. Ndani ya jalada la tumbaku kungewekwa muhtasari wa Kiswahili wa ripoti za karibuni za kampuni mama, bei za misimu iliyopita, hukumu zinazohusu mikataba ya ununuzi, na orodha ya wakurugenzi kutoka BRELA. Kazi hiyo inahitaji mkutubi mmoja anayesoma hesabu, kompyuta na bajeti ndogo ya kulipia nakala. Viongozi wa vyama wangepewa nakala kabla ya kutia saini.

Jalada hilo lingekuwa pia na sehemu ambayo kanzidata za dunia hazina kabisa. EDGAR imehifadhi kile Universal ilichowaambia wawekezaji wakati inaondoka Tanzania. Kile ambacho chama cha msingi kiliandika kwa kampuni, mikataba ya misimu iliyopita, fomu za mauzo zenye madaraja na kilo, mihtasari ya mikutano mikuu ambamo wanachama walihoji makato, vyote hivyo hukaa kwenye makabati ya ofisi za vyama, vikisubiri mchwa na uongozi mpya. Kwa ridhaa ya vyama vyenyewe, karatasi hizo zingeweza kupigwa picha, kupangwa kwa mwaka na kuwekwa mahali panapotafutika, ili mtafiti wa kesho anayetaka kuijua tasnia ya tumbaku ya Katavi apate maelezo ya wauzaji pamoja na yale ya wanunuzi.